Mpaka Uguse Sakafu

Siku mkewe aliposema anataka kuanza yoga, Fundi alikuwa na pini mdomoni, na bado akacheka. Ilibidi kwanza azitemee kiganjani, moja moja, ndipo acheke vizuri, maana kicheko kile alitaka kukifaidi. Mbele yake alisimama mteja, karani mmoja wa kike aliyekuja kujaribu sketi, na Fundi hakuwa mtu wa kuacha mzaha upite bure mbele ya mteja.

"Umesikia, dada? Mke wangu huyu. Yoga!"

Mkewe alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, karibu na mlango penye mwanga, anashona vifungo vya shati. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu kazi yote ya mkono pale dukani ilikuwa yake: vifungo, matundu ya vifungo, mapindo, na kufumua makosa ya mumewe ambayo mumewe hakukiri kamwe kuwa ni makosa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwepesi wa kucheka. Kuinamia vifungo miaka na miaka kulikuwa kumemharibu mgongo. Asubuhi alishuka kitandani kwa mafungu, mguu mmoja, kisha anapumzika, kisha wa pili, kisha anatulia tena kidogo ameshika ukuta.

"Sikuyatoa kichwani mwangu," akasema. "Ni yule Mwalimu wa ukumbi wa juu, aliyetuletea ile mito mirefu tumshonee. Nilimweleza habari za mgongo, akasema njoo."

"Sasa ulitaka aseme usije? Si anatafuta watu! Mke wangu, yoga ni ya wasichana wembamba, wale wanaopeleka mguu nyuma ya sikio. Wewe ukiinama kuokota sindano, mimi huku nimeshaanza kukupa pole."

Karani aliangua kicheko, sketi ikamcheza kiunoni. Fundi akanogewa.

"Halafu zile si ibada za watu? Mnakaa mmefumba macho, mnaguna. Nani anajua mnamwita nani? Na ile sakafu ya juu ni ya mbao, eti. Mimi namhurumia mwenye duka la chini."

Mama Vifungo akacheka pia. Jamani, kicheko kile! Wapo wanawake wamekicheka maisha yao yote, na waume zao wakadhani wamewafurahisha. Alicheka, akaukata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine. Hakusema tena neno mpaka karani alipoondoka, na hata baada ya hapo alisema tu kwamba pindo la sketi ile lingehitaji kufunguliwa, maana upande mmoja lilikuwa limepanda.

Fundi aliangalia. Kweli lilikuwa limepanda.

*

Tusimwonee. Fundi hakuwa mtu mbaya, na jioni ile, walipokwisha kula, kile kimya cha mkewe kilimrudia. Alimpenda. Kilichomtia hofu, ukimchimba sana, si ibada wala sakafu. Aliogopa watu wamcheke mkewe. Yeye mwenyewe kumcheka dukani aliona ni mapenzi, lakini kumwazia amepiga magoti katikati ya wasichana wenye viuno vya nyigu, anashindwa, wanatazamana na kubana vicheko, hilo hakuweza kulivumilia.

"Sijakukataza," akamwambia. "Ila usiende hivi hivi ukajiaibisha. Kwanza ulainike. Ukishalainika, nenda, hata mimi nitakusindikiza mpaka ngazini."

"Nilainike vipi?"

"Nitakulainisha mimi. Mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi," akasema mkewe, na safari hii alitabasamu kweli.

Akamsimamisha katikati ya chumba, akasogeza meza. Akamwambia ainame aguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Mama Vifungo akainama. Mikono ikafika chini kidogo ya magoti, ikakwama pale, ikawa inaning'inia. Fundi akachukua utepe wake wa kupimia shingoni, akapima toka ncha ya kidole mpaka sakafuni, akatikisa kichwa namna anavyokitikisa pale mteja anapoleta kitambaa kisichotosha.

"Mpaka uguse sakafu," akasema. "Siku utakapogusa, ndiyo siku ya kwenda."

Hilo ndilo likawa sharti, na alilitunga yeye, papo hapo, bila kumuuliza mtu. Hakuwahi kukanyaga darasa la yoga. Lakini alikuwa na hakika nalo kama alivyokuwa na hakika na mambo mengi.

Basi ikawa kila jioni. Anasogeza meza, mke anainama, yeye anapima. Na msidhani zilikuwa jioni za karaha. Hapana, na hapo ndipo panapouma. Zilikuwa jioni nzuri kuliko walizowahi kuwa nazo kwa muda mrefu. Mke akiinama anatoa mlio, mume anamuiga, mke anacheka akiwa chini huko huko kichwa kikiwa kimening'inia, anasema, "Usinichekeshe, nitaanguka, Fundi, usinichekeshe!" Utepe ukionyesha amesogea hata upana wa kidole, Fundi anatangaza kama mtangazaji wa mpira. Mama Vifungo alianza kujiona anaweza. Siku moja alimwambia, huku akijifunga kanga vizuri, "Unajua, nikienda kule nitakaa nyuma kabisa. Nikishazoea nitasogea mbele."

"Utakaa mbele siku ya kwanza. Hujaolewa na mtu wa nyuma."

Halafu utepe ukagoma. Jioni baada ya jioni, nafasi ile ile, haipungui. Fundi akaanza kukosa subira. Yeye kazi yake ilimfundisha kwamba kitambaa kikaidi hakishindani na fundi anayejua: unakilowesha, unakipiga pasi ya mvuke, kikiwa bado cha moto unakivuta kwa mshazari, na kinakuja. Kila kitambaa kinakuja. Akachemsha maji, akachovya taulo, akalikamua, akamtandikia mkewe kiunoni likiwa linafuka.

"Lo, raha," akasema mkewe.

"Umeona? Sasa inama."

Akainama. Akafika pale pale pa kila siku. Fundi akasimama nyuma yake, akaweka viganja viwili juu ya mgongo.

"Polepole, baba," akasema mkewe. "Panavuta hapo."

"Ndiyo kunyooka kwenyewe huko. Pumua."

"Polepole."

"Kidogo tu. Umefika, mke wangu, umefika, kidogo tu!"

Akasukuma. Alisukuma kwa uzito wake wote, na alifanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa, akiona vidole vya mkewe vinakaribia sakafu. Vikagusa. Kwa muda mfupi sana viligusa. Kisha Mama Vifungo akatoa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, wala haikuwa kubwa, na magoti yakamwishia.

*

Zahanati ilikuwa na benchi refu na feni isiyozunguka. Dada mkubwa wa Mama Vifungo alikuwa ameshafika, maana alipopigiwa simu aliacha chungu motoni akaja. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono baridi. Alimgusa hapa na pale, akamwinua mguu mmoja, mgonjwa akalia.

"Ilikuwaje, mama?"

Fundi akafungua mdomo. Alikusudia kusema, hilo ni kweli, tusimnyime. Lakini mkewe alimtangulia.

"Niliteleza bafuni," akasema, uso ameuelekeza ukutani. "Maji ya sabuni."

Na Fundi akaufunga mdomo wake.

Daktari akaeleza kwamba ile gegedu laini inayokaa kati ya pingili za mgongo imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Apumzike, anywe dawa, asiiname, asinyanyue kitu. Akipata nafuu, aanze kujinyoosha kidogo kidogo. "Kuna yoga ile ya taratibu," akasema akiandika, "inawasaidia sana watu wenye mgongo kama huu. Kwa kweli, mama, ungeianza kabla ya kuumia, ingekufaa zaidi."

Dada mkubwa alimtazama Fundi aliyekuwa ameshika pochi ya mkewe kwa mikono miwili, macho mekundu, akaguswa.

"Shemeji, pole. Mumeo amekubeba mwenyewe mpaka barabarani, umesikia?" akamwambia mdogo wake. "Wanaume wengine wangemwita jirani. Umepata mume, mdogo wangu."

"Najua," akasema Mama Vifungo.

Katika yote aliyoambiwa Fundi maishani mwake, na fundi cherehani huambiwa mengi, hakuna lililowahi kumchoma kama sifa ile. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akamshukuru shemeji yake.

Nyumbani dada mkubwa akahamia kwa muda. Ndiye aliyemwosha mdogo wake, ndiye aliyemgeuza kitandani. Mara ya kwanza Fundi alijitolea yeye, akakunja mikono ya shati, akakaribia. Mkewe alimwona anakuja, mwili mzima ukajikaza, ukawa mgumu kama ubao, na kule kujikaza kukamletea maumivu mapya. "Mwachie dada," akasema kwa upole. Fundi akaikunjua mikono ya shati.

Dukani akajaribu kushona vifungo mwenyewe. Vikawa vinalegea. Yule karani alirudisha blauzi, akasema, "Fundi, hii kazi si ya Mama. Amesafiri?"

"Anaumwa mgongo."

"Pole jamani! Si alikwenda yoga mwishowe, mkaidi yule?" Akacheka, akitaraji Fundi acheke naye.

"Hakwenda," akasema Fundi. "Hakuwahi kwenda." Akaipokea blauzi, akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, akainama. Haukupita muda mgongo wake mwenyewe ukaanza kumuuma, na akashangaa, kwa sababu miaka yote ile alidhani kazi nzito pale dukani ilikuwa ya cherehani.

*

Siku iliyofuata alifunga duka kabla ya wakati, akapanda ngazi za ukumbi. Alijiandalia uongo: atasema amekuja kuangalia kama mishono ya mito imeshika. Alivua viatu mlangoni alipoona viatu vya wengine. Vilikuwa viatu vya kawaida, vimekwisha visigino. Kimojawapo alikitambua, kiatu kikubwa cha mpira, kina madoa ya mafuta.

Akachungulia. Lo! Katikati ya ukumbi, juu ya kiti cha plastiki, alikuwa amekaa yule muuza nyama wa kona, na kitambi chake chote, mikono juu, macho amefumba. Kando yake bibi mmoja alikuwa amelala chali, mto mrefu chini ya magoti, na mto ule Fundi aliujua, maana aliukata mwenyewe. Alipokuwa akiikata aliuliza mito ya nini, Mwalimu akamjibu, "Ya watu kama sisi, tusiofika chini," naye akaona ni mzaha mzuri. Kulikuwa na mwanamke aliyevaa nguo ndefu hadi miguuni na kilemba, kulikuwa na kijana mmoja mwembamba, na huyo mwembamba ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, hata kukaa chini alikaa kwa taabu. Hakuna aliyekuwa na mguu nyuma ya sikio. Hakuna aliyemwita yeyote. Walikuwa wanapumua.

Mwalimu mwenyewe, mpishi mstaafu wa shule, mama mnene, alimwona akaja mlangoni akitembea polepole.

"Fundi! Umekuja kuanza?"

"Hapana, nime... nimekuja kuuliza." Uongo wake wa mito ulimponyoka wote. "Hivi mtu akitaka kuanza, lazima aguse wapi?"

"Aguse wapi kivipi?"

"Akiinama. Lazima mikono ifike wapi?"

Mwalimu akamtazama kama hakusikia vizuri. "Popote. Kama haiendi, haiendi. Muuza nyama alianza kwa kukaa kitini tu, hakuinama kabisa. Mtu akiweza kuvuta pumzi na kuitoa, ameshaweza kuanza. Angekuwa amelainika, angekuja kufanya nini hapa?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mama Vifungo hajambo? Nilimtegemea. Alikuja, unajua."

"Alikuja lini?"

"Wakati ule mlipomaliza mito. Alipanda mpaka hapa, akasimama hapo uliposimama wewe. Nikamwambia ingia, hivyo hivyo ulivyo, kiti hiki hapa. Akasema, 'Bado kidogo, mume wangu ananiandaa kwanza. Yeye ni fundi, anajua.' Alivyosema kwa fahari! Nikasema labda nyumbani mna mambo yenu ya mahaba, nisiingilie." Mwalimu akacheka kidogo, kisha akaona uso wa Fundi, akaacha.

Fundi alishika mwimo wa mlango. Kwa hiyo mkewe aliambiwa. Aliambiwa waziwazi, na mwenye kujua, kwamba anaweza kuingia siku ile ile, na akageuka akashuka ngazi zile kwa mgongo ule mbovu, kwa sababu kati ya mwalimu na mumewe alimwamini mumewe.

"Mimi ndiye niliyemuumiza," akasema. Ilimtoka tu. "Hakuteleza. Nilimsukuma mgongo ili afike chini."

Ndani ya ukumbi muuza nyama akafumbua jicho moja, akalifumba upesi. Mwalimu hakusema "ala," hakusema "masikini," hakusema lolote lile ambalo lingempunguzia Fundi mzigo. Akauliza tu, "Daktari amemruhusu kukaa?"

"Anakaa sasa."

"Nitakuja kesho."

*

Mwalimu alikuja. Hakuja na mkeka wala nguo maalumu. Alimkuta Mama Vifungo ameketi kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka, dada mkubwa yuko jikoni anachambua mboga, Fundi amesimama karibu na mlango hajui mikono aiweke wapi.

"Sasa mimi nitafanya yoga gani katika hali hii?" akauliza mgonjwa. Alikuwa amekonda. Kitu alichokuwa akikitamani kimyakimya siku zote, kupungua, kilikuja kwa njia hiyo. "Sasa ndiyo hata magoti sigusi. Nimerudi nyuma kuliko nilipoanza."

"Hukuwahi kuanza," akasema Mwalimu. "Leo ndiyo unaanza. Weka nyayo chini. Usifanye kitu. Vuta pumzi, usikilize inafika wapi."

"Basi?"

"Basi."

"Hii ndiyo yoga?"

"Ndiyo hii. Mengine baadaye, na mengine hutayafanya milele, wala hutapungukiwa."

Mama Vifungo akafumba macho. Akavuta pumzi. Akaitoa. Fundi alimwangalia yule mwanamke aliyeishi naye, anakaa tu na kupumua, na akaelewa kwamba kitu hiki chote ambacho mkewe alikiomba, na kilichogharimu mgongo wake, kingeweza kufanyika jioni ile ile ya kwanza, pale pale, bila hata kusogeza meza. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko.

"Pumzi inaishia juu," akasema Mwalimu. "Tunataka ishuke mgongoni. Inasaidia mtu akiweka mkono pale nyuma, taratibu, usukumie pumzi kwenye mkono wake. Fundi, njoo."

Fundi akaja. Alikuja kwa vidole vya miguu, akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaunyoosha. Haukuwa umefika. Ulikuwa bado hewani, umbali wa shubiri, na mkewe alikuwa bado amefumba macho, lakini mabega yakapanda, shingo ikaingia ndani, pumzi ikakatika.

"Hapana," akasema. "Mwalimu, weka wewe."

"Ni mimi tu, mke wangu," akasema Fundi. "Siwezi tena kuk..."

"Najua ni wewe."

Mwalimu akaweka mkono wake. Mabega yakashuka. Pumzi ikarudi, ikazama, ikamfikia chini alikokuwa anaumwa, na Mama Vifungo akatoa mguno mdogo wa nafuu, wa kwanza tangu alipoumia. Kutoka jikoni dada mkubwa akasema, "Umeona! Na wewe Fundi unamshangaa tu, msaidie mkeo!"

Mwalimu alipoondoka, aliahidi kurudi, na kwamba mgonjwa akiweza ngazi, kiti chake kipo. Fundi alibaki amesimama pale pale. Mzaha wote uliowahi kumjaa ulikuwa umemkauka.

"Kwa nini hukumwambia dada?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Ili iweje? Mgongo ungepona?" Mkewe alikuwa anaangalia mikono yake. "Sijakukasirikia, Fundi. Nimejitafutia hasira nikaikosa. Ulitaka nisichekwe. Lakini ukikaribia, mwili wangu unakimbia, na mimi siwezi kuushika. Nauambia ni mume wangu huyu. Hausikii."

"Nilikuambia uongo," akasema Fundi. "Kuhusu kulainika. Sikujua lolote, nilisema tu."

"Na mimi nilikuamini. Mwalimu aliniambia ingia, nikamwambia mume wangu anajua." Akavuta kanga magotini. "Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko mgongo."

Jikoni kisu cha dada mkubwa kiliendelea kugonga ubao. Fundi akapiga magoti mbele ya kiti, mbali kidogo, asimtishe.

"Nitajifunza. Nitakwenda kule juu nijifunze kushika vizuri, kama yeye. Nitakwenda kila siku. Ukiona nimejua, utaniruhusu tena nikuwekee mkono? Niambie tu, mke wangu. Baada ya muda gani?"

Mama Vifungo alimtazama kwa muda mrefu, kwa huruma yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo nyingi.

"Sijui," akasema. "Na hili nalo, usinisukume."

Akafumba macho, akatafuta tena mahali pumzi ilipokuwa imefika. Fundi akainuka kwa uangalifu ili magoti yake yasipige kelele, akatoka barazani, akauvuta mlango nyuma yake.